Kuonekana bila kuanikwa: picha za wapenzi wa jinsia moja katika mji mdogo kama Bagamoyo

Kabla hujashika kamera au brashi, muulize unayetaka kumpiga picha au kumchora: unataka kuonekana na nani? Swali hili lina uzito hapa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinatoa adhabu ya kuanzia miaka 30 hadi kifungo cha maisha kwa kile kinachoitwa kujamiiana kinyume cha maumbile. Na mji wetu ni mdogo: toka Dunda mpaka Magomeni watu wanajuana kwa mwendo, kwa sauti, hata kwa baiskeli.

Wengi wanaoanza humuiga Zanele Muholi wa Afrika Kusini, na si ajabu. Tangu 2006 amekuwa akipiga picha nyeusi na nyeupe za wanawake weusi wanaopenda wanawake na za watu waliobadili jinsia, na wengi wao wanakutazama machoni. Lakini katiba ya nchi yake ya 1996 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya anayempenda. Hata hivyo, mwaka 2012 nyumba yake ya Cape Town ilivunjwa, zikaibwa diski zenye kazi ya miaka mingi. Uso ni wa mwenye uso, na msanii hana haki ya kuwa jasiri kwa niaba yake.

Habari njema ni kwamba uso si njia pekee. Rotimi Fani-Kayode, aliyezaliwa Lagos 1955 na kufariki London 1989, alitumia vinyago, vitambaa na mikao ya mwili kuzungumzia mapenzi na imani ya Kiyoruba. Mwaka 1991 Félix González-Torres alirundika peremende zilizofungwa kwa karatasi za rangi, zenye uzito wa takriban kilo 79, kuwa taswira ya mpenzi wake Ross aliyefariki kwa UKIMWI; watazamaji huchukua moja moja na rundo linapungua. Mwili haupo, na hakuna anayeweza kusema haupo.

Ukitaka kivuli, yaani umbo jeusi mbele ya mwanga, mweke mtu mlangoni akiwa ndani, nawe simama ndani zaidi. Gusa sehemu angavu ya nje kwenye kioo cha simu, kisha shusha mwanga mpaka umbo liwe jeusi kabisa. Kinachoharibu kazi hii katika nyumba zetu za Mji Mkongwe wa Bagamoyo ni kuta zilizopakwa chokaa: zinarudisha mwanga usoni. Picha inaonekana nyeusi kwenye simu, lakini mtu akiipandisha mwanga kwa programu yoyote, pua na midomo vinatokea. Tandika kitambaa cheusi ukutani upande wako, au mgeuze mtu akupe kisogo. Kisha ijaribu mwenyewe: pandisha mwanga mpaka mwisho uone kinachojitokeza.

Kagua pia visivyo uso. Pete, kovu, hina ya harusi ya wiki iliyopita, namba ya bodaboda, mlango wa nakshi ambao kila mtu anajua ni wa nani. Ukificha kitu, kifunike kwa rangi nzito isiyopitisha mwanga. Kalamu ya simu inayopaka rangi hafifu inaondolewa kwa kuongeza mwanga tu. Na usiamini kukata ukingo wa picha peke yake: mwaka 2023 iligundulika kwamba picha zilizokatwa kwa programu ya simu za Google Pixel ziliweza kurudishiwa sehemu iliyokatwa.

Kwa kazi isiyo na mtu kabisa, ningeanza na kanga. Doti moja ni vipande viwili vyenye pindo moja na jina moja. Vitenganishe, vivaliwe na watu wawili kwa miezi kadhaa, kisha vitundike kwenye kuta mbili zinazotazamana. Kimoja kitakuwa kimepauka, kingine kitakuwa na alama ya kuni au mafuta ya nazi. Kanga yenye jina kama “Wawili wakipendana adui hana nafasi” haijataja mume wala mke, na kila mtu wa Pwani anajua kusoma fumbo. Usitoboe kwa misumari ya kawaida: chumvi ya bahari huishikisha kutu haraka na doa la kahawia halitoki. Shona mfuko mwembamba juu, pitisha fimbo ya mbao, funga kwa uzi wa pamba.

Ridhaa iombe kwa vipande: kupigwa picha, kuonyeshwa chumbani, kuonyeshwa nje ya nchi, kuwekwa mtandaoni. Aliyekubali la kwanza hajakubali la nne. Karatasi yenye jina na sahihi yake ni hatari yenyewe, kwa hiyo mpe kila mtu alama, na alama na jina visikae nyumba moja. Kwenye maonyesho, alika kwa mdomo, simu ziwekwe kikapuni mlangoni, lakini bado usitundike kitu ambacho mhusika hayuko tayari kukikuta mtandaoni kesho yake. Kikapu hakizuii simu ya pili.

Zima mahali kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kupiga. Picha ikitumwa WhatsApp kama faili badala ya picha, taarifa za mahali na saa husafiri nayo. Zima pia uhifadhi wa moja kwa moja wa Google, hasa kwa akaunti inayotumika kwenye simu ya nyumbani.

Mtu akibadili mawazo, kufuta mara moja hakutoshi. Picha iliyohifadhiwa Google Photos hukaa kwenye kapu la taka siku 60, na kwenye iPhone hadi siku 30. Ingia humo uifute tena, kisha kagua nakala ya diski, ya kadi, na ya aliyekuchapishia.