Moscato d'Asti haiwekwi akiba

Chupa yangu ya kwanza ya Moscato d'Asti, mvinyo mtamu wa Italia wenye mapovu mepesi, niliifungia kabatini miaka mitatu, nikisubiri siku kubwa. Siku ikafika, ubatizo wa binti yetu. Nikaifungua mbele ya wageni: rangi imekoza kama asali, mapovu hakuna, na ile harufu ya maua na pichi iliyonifanya niinunue imekwisha. Iliniuma, maana niliibeba mwenyewe kutoka Canelli, mji wa Italia unakotengenezwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kulipa tazama mwaka wa mavuno kwenye lebo. Chagua wa karibuni, na uinywe ndani ya mwaka mmoja, miwili ikizidi sana. Uzuri wa mvinyo huu ni ubichi wake. Maji ya zabibu za Moscato Bianco hupoozwa karibu na nyuzi sifuri yasichachuke, kisha huchachushwa kwenye tangi lililofungwa. Kilevi kikifika asilimia 5 hivi, hupoozwa tena na hamira huchujwa kabla haijamaliza sukari. Ndiyo maana utamu unaousikia ni wa zabibu zenyewe.

Nilifika Canelli Septemba, wakati wa kuvuna. Miteremko ya Piemonte, mkoa wenye mji huo, inayopigwa jua vizuri wenyeji huiita sorì, na mingine imesimama mno hata trekta haipandi. Watu huchuma kwa mkono, kichala baada ya kichala. Nilisaidia kubeba makreti asubuhi moja tu, magoti yakatetemeka hadi usiku. Tangu siku hiyo sijawahi kulalamikia bei. Vilima hivyo, pamoja na maghala ya mvinyo yaliyochimbwa chini ya mji wa Canelli, viliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2014.

Asti Spumante ni zabibu zilezile, ila mapovu yake ni makali na kizibo chake hufungwa kwa waya. Ukienda kwenye Prosecco, mvinyo mwingine wa Italia wenye mapovu, soma lebo kwa makini. Neno "dry" kwenye mvinyo humaanisha usio mtamu, lakini hapa "Extra Dry" ina sukari nyingi kuliko "Brut", na "Dry" inazipita zote mbili. Wengi hununua kinyume cha walichotaka.

Moscato iweke kwenye friji saa kadhaa, uiandae na keki ya hazelinati (aina ya kokwa) kama wafanyavyo wenyeji wa huko. Chokoleti huifunika ladha.

Mdogo wa binti yetu alipobatizwa nilinunua chupa sita za mavuno ya karibuni. Bibi yake, ambaye huwa hagusi mvinyo, aliomba glasi ya pili.