Mwanangu, Kuhusu Friji Inayozimwa Usiku

Nkuhungu, Dodoma

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika, nami nimeisoma pamoja na mama yako, ambaye alicheka hadi akafuta machozi. Unaeleza kwamba mwenzako mliyepanga naye huko Kimara, Dar es Salaam, huzima friji kila usiku ifikapo saa tatu, hataki taa ya sebuleni iwashwe mnapokula, hupasua njiti za kibiriti kwa wembe ili moja iwe mbili, na huanika majani ya chai dirishani ili yachemshwe tena kesho yake. Unauliza kama huo ni uwekevu wa kuigwa au ni ubahili wa kukimbiwa, na kama ni busara uendelee kuishi naye. Nitakujibu kwa kirefu, kwa sababu jambo hili nimelifikiria maisha yangu yote ya kazi na hata baada ya kustaafu.

Nianze na njiti, maana ndizo zilizomchekesha mama yako. Bibi yako aliyenizaa alikuwa fundi wa kazi hiyo. Alilaza njiti juu ya ubao wa kukatia mboga, akaweka ncha ya wembe katikati ya kichwa chake, akagandamiza polepole kwa kidole gumba mpaka ikaachana kwa urefu, kila upande ukibaki na baruti yake. Akiharakisha, kichwa kilimomonyoka na njiti ikapotea yote. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1980, baada ya vita vya Uganda, ambapo sabuni, sukari na kibiriti vilitafutwa kwa foleni na wakati mwingine havikupatikana hata kwa mwenye fedha mkononi. Watu walifua nguo kwa majani ya mpapai. Vipande vya sabuni vilivyobaki vilikandamizwa pamoja vikiwa vibichi, vikawa mche mpya. Hakuna aliyemwita mwenzake bahili kwa mambo hayo, kwa sababu aliyepasua njiti alijinyima dakika zake mwenyewe, na familia nzima ilipata moto.

Hapo ndipo ulipo msimamo wangu. Kila shilingi inayookolewa kuna mtu anayeilipia kwa namna nyingine, ama kwa jasho, ama kwa muda, ama kwa afya, ama kwa usumbufu. Ukitaka kumjua mwekevu na bahili, usitazame kitendo kinachekesha kiasi gani. Tazama ni nani anayelipa.

Sisi wa Dodoma tumekulia katika kubana matumizi, wala hatuoni haya. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, na miezi inayobaki ni vumbi. Unakumbuka maji ya kufulia yalivyosafiri nyumbani: ya suuza ya mwisho yaliwekwa kufulia nguo za kazi, kisha yakadeki sakafu, kisha yakamwagwa chooni, na ya kuoshea mboga yakapelekwa kwenye shina la mpapai. Mgeni kutoka Bukoba, kwenye mvua nyingi, aliwahi kutushangaa akidhani tuna shida, lakini kwetu ilikuwa adabu ya maji. Vivyo hivyo Wagogo hukausha mlenda wakati wa masika, mboga ikiwa imejaa mashambani, na kuutunza kwa ajili ya kiangazi ambapo jani bichi ni la kununua. Akiba ya namna hiyo haimwumizi mtu yeyote, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Sasa tuje kwenye umeme, kwa sababu naona mwenzako anateseka mahali pasipo na fedha. Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Balbu ya kisasa ya wati 9, ikiwaka saa nne kila usiku kwa siku 30, inakula uniti moja na kidogo tu kwa mwezi mzima. Kwa hiyo mnakula gizani, mkihatarisha kumeza miba ya samaki, ili kuokoa uniti moja. Wakati huo huo umeniambia kwamba mnachemsha maji ya chai kwa birika la umeme asubuhi, jioni na kabla ya kulala. Birika la wati 2,000 likitumika dakika 10 mara tatu kwa siku, hiyo ni uniti moja kila siku, yaani 30 kwa mwezi. Chemsheni mara moja asubuhi, mjaze chupa ya chai, na mtakuwa mmeokoa zaidi ya taa zote za nyumba. Nguo nazo za wiki nzima zipigwe pasi kwa mkupuo mmoja, badala ya kupasha pasi upya kila alfajiri kwa ajili ya shati moja.

Kuhusu friji, kuizima usiku kuna faida ndogo kuliko anavyodhani, kwa kuwa ikiwashwa asubuhi hufanya kazi mfululizo kuurudisha ubaridi uliopotea, na kwa joto la Dar es Salaam samaki na maziwa havisubiri. Chakula kikiharibika mara moja, akiba ya mwezi imekwenda. Namwelewa, hata hivyo, kama mita yenu ni ya daraja la D1, ambalo mteja hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo mpaka uniti 75 kwa mwezi, na zikizidi hapo kila uniti ya ziada ni shilingi 350. Mpaka huo umewafanya watu wengi waishi wakiichungulia mita ya LUKU, ile ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, kila jioni, na hapa mtaani nimewaona wapangaji wanaochangia mita moja wakinuniana mwezi mzima kwa sababu ya pasi ya mmoja wao. Kuulinda mpaka huo ni akili nzuri, ila ulindwe kwenye birika na pasi.

Majani ya chai yaliyoanikwa nayaacha, kwani anayekunywa chai nyepesi ni yeye. Sukari ilipoadimika mwanzoni mwa 2024, jirani yetu alikunywa chai kwa kung'ata pipi, na alifurahia kabisa.

Ubahili wenyewe ni kitu kingine, na mara nyingi unakaa kwa wenye nacho. J. Paul Getty, Mmarekani wa mafuta aliyekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa dunia, aliweka simu ya kulipia ndani ya jumba lake la Sutton Place huko Uingereza ili wageni wasipige kwa gharama yake. Hilo linachekesha. Lakini mwaka 1973 mjukuu wake wa miaka 16 alitekwa mjini Roma, naye babu akakataa kutoa fedha mpaka watekaji walipomkata kijana sikio na kulituma. Alipokubali hatimaye, inaelezwa kwamba alitoa dola milioni 2.2 tu, kiasi ambacho kingeweza kupunguzwa kwenye kodi yake, na kilichobaki akamkopesha mwanawe mwenyewe, baba wa kijana huyo, kwa riba ya asilimia 4. Simu ile na sikio lile vinatoka katika moyo mmoja, kwa kuwa mara zote mbili gharama iliangukia kwa mwingine.

Iko pia akiba inayomla mwenye kuiweka. Benki Kuu ilipotangaza kuondoa noti za zamani katika mzunguko, zile za mwaka 1985 hadi 2003 pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010, watu walipewa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 kuzibadilisha. Hapa kwetu zilitoka noti kwenye magodoro na makopo, nyingine zimenata kwa unyevu, nyingine zimetobolewa na mchwa. Waliowahi walibadilishiwa, lakini noti ya shilingi 10,000 iliyofichwa mwaka 2003 ilirudi ikiwa 10,000 ile ile, wakati saruji, mabati na mchele vilikwisha kupanda mara nyingi. Watu hao walijinyima nyama miaka yote hiyo. Kibubu ni kizuri kwa ada ya shule ya Januari ijayo. Kwa fedha ya miaka mingi, peleka benki au kwenye kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopa, unachokiamini.

Na usimhukumu mtu anayenunua mafuta ya kupimiwa na mkaa wa kopo ukidhani hajui hesabu. Anajua vizuri kwamba gunia ni nafuu kuliko makopo, ila fedha ya gunia hajawahi kuishika kwa pamoja. Ninyi wawili mna mshahara, kwa hiyo changeni mnunue gunia na dumu la lita 20, na hapo mtaokoa kuliko kwa njiti zote atakazopasua.

Nimebakiza lile uliloliandika kwa mstari mmoja mwishoni kana kwamba ni dogo: kwamba aliugua homa siku kadhaa akakataa kwenda kupima malaria ili asitoe fedha. Mwanangu, hilo ndilo lililoninyima usingizi. Malaria iliyocheleweshwa inaweza kuishia kwenye kulazwa na kuongezewa damu, na mwili wake ndio uliokuwa ukilipia akiba ile. Hapo usimwachie uamuzi peke yake. Siku nyingine mshike mkono umpeleke zahanati, hata kama atakununia, na kipimo ulipe wewe.

Kabla ya kufikiria kuhama, mwulize kwa upole anaweka akiba ya nini. Wasichana wengi wa umri wenu wanaoonekana bahili wanasomesha wadogo zao, au wanatuma fedha ya dawa kijijini, na wanaona aibu kusema. Kama ndivyo, umepata mwenzako mwema, na kilichobaki ni kumwonyesha hesabu ya birika. Kama hana la kujibu isipokuwa kwamba fedha hairuhusiwi kutoka, basi mkataba ukiisha tafuta chumba kingine, na muagane vizuri.

Mama yako anatuma mfuko wa mlenda mkavu na karanga kwa basi la Jumamosi. Mgawie nusu. Maharage myaloweke tangu jioni ndipo mpike, maana mkaa wa huko nasikia ni ghali kuliko wetu.

Ni mimi baba yako.