Farasi akishtuka, kaa hivi

Dada, umeuliza namna ya kubaki kwenye tandiko farasi wako anaporuka kando kila akisikia lori za madini hapa Lubumbashi. Pole sana. Mimi wangu alinitupa kwenye udongo mwekundu kwa ajili ya mfuko mtupu wa simenti uliopeperuka!

Kosa langu lilikuwa kuinama mbele na kubana magoti. Ukibana, unajirusha mwenyewe juu. Legeza mapaja, keti mzito, shusha visigino, toa pumzi kwa sauti. Mkono mmoja ushike singa, yaani nywele za shingo ya farasi, au mkanda wa shingoni mwake. Usining'inie kwenye hatamu, maana ukimuumiza mdomo anazidi kuogopa. Akitaka kukimbia, mzungushe kwa hatamu moja, duara pana kwanza. Ukimgeuza ghafla akiwa na kasi, mtaanguka wote wawili.

Kikuku, kile chuma cha tandiko cha kukanyagia, kikae chini ya unyayo wa mbele tu. Mguu ukizama ndani na kunasa, utaburutwa. Kofia ngumu, kila siku.

Ukigonga kichwa, nenda hospitali hata kama unajisikia mzima. Na kama ameanza kushtuka juzijuzi tu, daktari wa mifugo amwangalie macho na mgongo kabla hujampanda tena.