Plasta juu ya polistaireni: kabla ya kufikiria rangi, fikiria maji yatatokea wapi

Marekani na Kanada, nyumba nyingi za fremu ya mbao huvikwa mabamba ya polistaireni (povu gumu jepesi) upande wa nje, kisha wavu wa fibaglasi na plasta nyembamba juu yake. Mafundi wa huko huuita mfumo huo EIFS. Ndugu zetu wengi wanaoingia kwenye kazi hii wametoka kwenye ujenzi wa tofali na bloku, na mazoea hayo yanaweza kuwaponza. Tofali likilowa hukauka likabaki tofali. Plaiwudi inayofunika fremu ya mbao ikilowa na kukosa pa kukaukia huoza ikiwa imesimama, huku plasta ya nje ikiendelea kupendeza.

Mwaka 1995, mjini Wilmington, North Carolina, kuta za nyumba ambazo hata hazikuwa za zamani zilifunguliwa zikakutwa zimeoza ndani. Plasta haikuwa na tatizo. Maji yalikuwa yamepenya pembeni mwa madirisha na pale paa linapokutana na ukuta, na kwa kuwa mabamba yalibandikwa moja kwa moja kwenye ubao, maji hayo hayakuwa na pa kushukia. Ndiyo maana leo kanuni za ujenzi za Marekani zinadai mfumo wenye njia ya kutolea maji kwenye nyumba za mbao. Ukiajiriwa na mtu anayetaka kubandika bila njia hiyo ili aokoe siku mbili za kazi, kataa.

Anza na ubao wenyewe, yaani ile plaiwudi. Uwe mkavu: kipima unyevu chenye sindano mbili kisome chini ya asilimia 19. Uwe umenyooka pia; ukiweka rula ya mita 3, pengo lisizidi milimita 6. Maungio ya plaiwudi yapigwe utepe au wavu, kisha ukuta mzima upakwe tabaka la kuzuia maji, lile la majimaji linalopakwa kwa rola. Usione haya kurudia mkono wa pili. Tundu la ukubwa wa kichwa cha msumari unaloliacha leo litafunikwa na bamba kesho, na hakuna atakayeliona tena mpaka kuoza kuanze. Tabaka hilo ndilo ukuta wako halisi dhidi ya mvua. Plasta ya nje hupunguza tu maji yanayolifikia.

Madirisha yanastahili muda kuliko kitu kingine chochote. Kabla dirisha halijaingia, sakafu ya uwazi wake iwekewe trei ya kukinga maji yenye mwinamo kuelekea nje, ukingo ulioinuka upande wa ndani, na pembe zilizopanda kwenye miimo miwili. Upande wa mbele wa trei hiyo, chini ya fremu, usizibwe kwa silikoni. Kosa hili linafanywa kila siku na watu wenye nia njema: wanaona upenyo, wanauziba, na maji yaliyoingia kupitia maungio ya fremu yanabaki yamefungiwa juu ya mbao. Ziba miimo na juu, acha chini wazi. Juu ya dirisha weka bati la kukinga, nalo tabaka la kuzuia maji lilalie juu ya bati hilo, lisiingie nyuma yake. Kanuni ni hiyo hiyo nyumba nzima: cha juu kilalie cha chini, kama vigae vya paa.

Mahali pa pili penye hatari ni pale paa la chini linapoishia katikati ya ukuta, mara nyingi juu ya gereji au baraza. Maji yote ya mteremko ule hukimbia kando ya ukuta, na yakifika mwisho wa paa hupita nyuma ya gata na kuingia ndani ya mfumo. Hapo panahitajika bati lililokunjwa la kuyatupa maji nje, yaangukie ndani ya gata. Liwekwe kabla ya bamba la kwanza kubandikwa, maana kulichomeka baadaye ni kukata plasta na kufungua jeraha jipya. Mfumo wenyewe uishie sentimita 5 juu ya vigae, usiviguse.

Chini nako usishuke mpaka kwenye udongo. Acha sentimita 20 juu ya ardhi, na sentimita 5 juu ya sakafu ya zege au lami. Mchwa hupita ndani ya polistaireni bila kuonekana, na bamba lililozikwa huwapa njia ya moja kwa moja hadi kwenye mbao. Mwisho wa chini weka reli yenye matundu ya kutolea maji, uipige pimamaji, kisha hakikisha tabaka la kuzuia maji linashukia juu ya mgongo wa reli hiyo.

Sasa mabamba. Ya kawaida ni sentimita 60 kwa 120, yaani mita ya mraba 0.72. Kwa ukuta wa mita za mraba 100 utahitaji 139. Agiza 150, kwa sababu pembe na madirisha hula. Gundi hupakwa mgongoni mwa bamba kwa mwiko wa meno, na mistari yake lazima isimame wima bamba likiwa ukutani. Nafasi kati ya mstari na mstari ndiyo mfereji wa kushushia maji. Fundi akipaka kwa mlalo, ametengeneza vibwawa vidogo nyuma ya kila bamba. Akipaka vidonge vya gundi huku na huku, bamba litacheza na upepo, na plasta itafuata. Kila baada ya mabamba kadhaa, bandua moja likiwa bado bichi ulitazame: mistari iwe imeshika pande zote mbili, imetandazika kidogo, lakini mifereji kati yake ionekane wazi. Ikiwa imejaa gundi, umebana mno au meno ya mwiko yamechakaa.

Panga kama tofali, maungio yapishane, na kwenye pembe za nyumba mabamba yaumane. Maungio ya bamba yasikae juu ya maungio ya plaiwudi, na yasikutane na pembe ya dirisha. Kata bamba kwa umbo la L lizunguke pembe. Ukiyapuuza haya, ufa wa mshazari utaanzia pembe ile ile na kupanda kuelekea juu. Mapengo yanayozidi milimita 1.6 yajazwe vipande vya polistaireni, wala si gundi, kwa sababu gundi iliyokauka kwenye pengo huvujisha joto na huonekana kama mstari kwenye plasta asubuhi yenye umande.

Kila ukingo unaoishia, kuzunguka dirisha, mlango au bomba, ufungwe kwa wavu unaoingia nyuma ya bamba na kurudi mbele, angalau sentimita 6.5 kila upande. Wavu huu lazima ubandikwe kabla ya bamba, kwa hiyo panga mapema. Siku ya pili, baada ya saa 24, kwangua uso wote wa mabamba kwa msasa uliobandikwa kwenye ubao mpana. Wote, hata palipo sawa. Polistaireni iliyopigwa jua hugeuka manjano na kutoa vumbi, na plasta haishiki vumbi.

Kabla ya wavu mkuu, bandika kipande cha wavu cha mshazari kila pembe ya uwazi, karibu sentimita 23 kwa 30. Halafu paka plasta ya msingi, lazimisha wavu uzame ikiwa bado bichi, ukitoa mwiko katikati kwenda kingoni ili usijikunje. Wavu upishane sentimita 6.5. Kwenye mita 2 za chini, penye baiskeli za watoto na mashine za kukata nyasi, tanguliza wavu mzito. Rola ya mita 1 kwa 50 haikupi mita za mraba 50 za ukuta. Ukitoa mapishano na kingo, kwa mita za mraba 100 chukua rola 3. Kazi ikikauka, rangi ya wavu isionekane. Ikionekana, plasta ni nyembamba na itapitisha maji; ongeza mkono mwepesi. Usijaribu kuokoa kwa kutegemea plasta ya mwisho, hiyo ni ya sura tu.

Joto la hewa na la ukuta lisishuke chini ya nyuzi 4 za Selsiasi mpaka saa 24 zipite. Usiongeze maji, mchanga wala dawa ya kuzuia kuganda kwenye mchanganyiko. Plasta ya mwisho pakeni mkiwa watu wa kutosha kumaliza ukuta mmoja bila kupumzika, mkifuata kivuli. Mkiacha nusu ukauke, mstari wa maungio hautafutika.

Silikoni hufuata. Kati ya fremu ya dirisha na mfumo acha pengo la milimita 12 tangu mwanzo, sukuma kamba ya povu ndani, kisha, kwenye miimo na juu, jaza kwa kina cha nusu ya upana. Kamba hiyo huifanya silikoni ishike pande mbili tu, iweze kuvutika. Ishike kwenye plasta ya msingi, kwa kuwa ile ya mwisho hulainika ikilowa na silikoni hubanduka nayo. Kwenye nyumba ya ghorofa, weka pengo la kupanuka pale sakafu ya juu inapopita, la milimita 19, kwani mbao husinyaa zikikauka na plasta isiyo na pengo hujikunja hapo.

Upande wa ndani nao una neno. Kwenye baridi, polistaireni huweka plaiwudi katika hali ya joto na mvuke wa jikoni haugandi juu yake. Hiyo ni faida kubwa. Lakini ukiongeza karatasi la nailoni ndani, mbao zinabaki kati ya tabaka mbili na kukauka kunachukua muda mrefu mno. Uliza kanuni za eneo lako kabla ya kulipigilia. Kwa walio Muscat au Dubai mwelekeo hugeuka: nje ni joto la unyevunyevu, ndani ni kiyoyozi, kwa hiyo mvuke husukumwa kuingia. Kuta za huko kwa kawaida ni bloku na hazitaoza, ila karatasi ya ukutani ya vinaili itaota ukungu mgongoni. Paka rangi inayopumua.

Mwenye nyumba anayetaka kujua hali ya ukuta wake asitazame katikati. Apime unyevu kwa kile kipima cha sindano chini ya pembe za madirisha, chini ya mwisho wa paa la baraza, na pale roshani ya mbao ilipofungwa ukutani. Asilimia 19 kushuka ni salama. Ikikaribia 30, kuoza kunashika, na hapo kata plasta uone. Matundu ya sindano yazibwe kwa silikoni siku hiyo hiyo. Kisha angalia kinyunyizio cha bustani: kikiwa kinarusha maji ukutani kila jioni, kigeuze kabla hujamlipa fundi yeyote.