Mbona haitoi moshi?

Bukavu ni mji wa milima, na aliyejenga juu yako anaona hadi kilichomo kwenye sufuria lako. Kwa hiyo tangu Jumamosi nawaona, wadogo zangu. Tangi la pikipiki yenu mmelipaka rangi nyekundu, limeng'aa, mmelianika juu ya kiti kama bibi harusi. Injini iko ndani ya beseni la kufulia. Kabureta iko kwenye sahani. Na kwenye kopo la maziwa kuna bulo (bolti) sita ambazo hakuna hata mmoja wenu anayejua zilitoka wapi. Nilijikaza nisiseme neno. Nimeshindwa.

Mnaniita Mama Prof, na ni kweli, mchana nafundisha kemia. Jioni naketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba na pikipiki za zamani. Hadi sasa nimefufua tatu, zote za mipigo miwili, zote ndogo. Ya kwanza ni ile Yamaha AG100 ya papa, yaani baba yangu, ambayo enzi za Zaire alibebea masanduku ya chanjo katika njia za Walungu na Kaziba. Hiyo ndiyo iliyonifundisha karibu kila ninalolijua, na ada yake ilikuwa kubwa.

Namba 1. Rangi ni ya mwisho. Esansi ikimwagikia rangi ya kopo la kupuliza, rangi inavimba kama ngozi iliyoungua. Na itamwagika, maana robineti, ile koki ya tangi, hamjaigusa. Ndani ya tangi tieni changarawe na siki, tikiseni kwa zamu siku mbili, suuzeni, kausheni, na pakeni mafuta siku hiyo hiyo kabla kutu haijarudi. Nikisema esansi nina maana ya mafuta ya gari, si mtaa wetu wa Essence. Kijana mmoja nilimtuma "aende esansi" na chupa ya lita moja, akarudi saa nzima baadaye akiniuliza amsalimie nani huko. Na msinunue kwa kadafi, muuza esansi yeyote tu wa kando ya barabara: nuseni kwanza, maana mingine imechanganywa na mafuta ya taa.

Namba 2. Pigeni picha kabla ya kugusa kila bulo. Simu mnazo, mnapigia picha hata dagaa wa sambaza kwenye sahani. Kila bulo iwe na shimo lake kwenye trei ya mayai, na jina lake kwenye karatasi.

Namba 3. Skrubu za nyota za Kijapani si skrubu za kawaida. Tazameni kichwa: mkiona kidoti kidogo, hiyo inataka turunevisi (bisibisi) yake. Turunevisi ya sokoni Kadutu inaingia, inaonekana imekaa vizuri, ukiisokota inapanda juu na kuchana kichwa chote. Mkikosa ya Kijapani, ipigeni tupa ncha kidogo hadi ikae mpaka chini, ipeni skrubu nyundo moja ya adabu, ndipo mzungushe. Jumapili nilisikia nyundo ikilia mara kumi na nne. Nilihesabu. Hiyo si adabu tena.

Namba 4. Hapa tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na pwani, lakini jikleri, kile kitundu cha kupitishia esansi kwenye kabureta, imetobolewa kwa ajili ya watu wa chini. Ndiyo maana esansi inazidi, buji (plagi) zenu huwa nyeusi na mnadhani injini imechoka. Pandisheni klipsi ya sindano ngazi moja, jaribuni, isomeni rangi ya buji. Tafadhali, kabureta isitumbukizwe kwenye soda kostiki ya akina mama wa sabuni! Mmoja wenu (anajijua) alifanya hivyo mwaka jana, akaniletea kitu kilichofanana na mkate ulioliwa na mende. Soda ile inakula aluminiamu. Tulisoma darasani. Kulikuwa na mtihani.

Namba 5. Hapa kaeni chini.

AG100 haichanganyi mafuta ya injini kwenye tangi la esansi. Ina kikasha chake cha mafuta na pampu yake, na ukivuta gesi, yaani mkono wa kuongeza kasi, kebo hiyo hiyo inaiambia pampu iongeze. Mtu akishaielewa anajiona mhandisi. Mimi nilijiona mhandisi. Miezi saba nilikuwa nimeifungua yote: pistoni mpya ya milimita 52, segma (pete za pistoni) mpya, mirija yote mipya kwa sababu ya zamani ilikuwa imekauka kama tambi. Nikajaza kikasha cha mafuta hadi juu. Nikaunganisha mrija mpya kwenye pampu. Nikafuta mikono.

Mrija mpya, wadogo zangu, umejaa nini? Hewa. Na pampu iliyokaa mezani miezi saba imejaa nini? Hewa. Kile kiskrubu kidogo cha kutolea hewa kwenye pampu nilikuwa nimekisafisha kwa mswaki, nimekipiga picha, nimekirudisha mahali pake. Kukifungua ili mafuta yatiririke mpaka mapovu yaishe, hilo halikunijia kichwani hata kidogo.

Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Papa nilimtolea kiti barazani, majirani wakaja, watoto wakapanda ukutani. Kiki ya tatu ikawaka. Sauti tamu, safi, na nyuma kwenye bomba hakuna kitu. Nikainama kwenye bomba kwa majivuno, nikawaambia watu: tazameni, haina hata moshi!

Papa akauliza taratibu, "Mbona haitoi moshi?"

"Imekuwa mpya, papa."

"Hata ilipokuwa mpya ilitoa moshi."

Nilimcheka. Mbele za watu nilimcheka mtu aliyeiendesha pikipiki ile miaka kumi na tisa, nikavaa kofia, nikatoka.

Mtelemko haukuwa na shida. Nilipoanza kupanda kwenda Kadutu, gia ya pili, gesi imefunguka nusu, nilisikia nguvu inapungua kama mtu anayenishika kiunoni. Nikafanya anachofanya kila mjinga: nikaongeza gesi. Ikalia "kii" fupi, gurudumu la nyuma likaganda, nikaburuzwa upande hadi mbele ya mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi. Pistoni ilikuwa imekamata: hapakuwa na moshi kwa sababu mafuta hayakuwa yakifika. Mkono haukuwahi kushika ambrayaje (klachi). Siku hizi vidole viwili viko juu yake daima, na nyinyi fanyeni vivyo hivyo kwa pikipiki yoyote iliyotoka kufunguliwa.

Mama wa ndizi akaniambia pole. Vijana wa pikipiki za abiria, wote juu ya TVS zao, wakaniambia maneno mengine. Mmoja akauliza kama nauza kwa kilo.

Niliisukuma hadi nyumbani, na kwa mara ya kwanza maishani nilijua Bukavu ina milima mingapi. Papa alikuwa bado kwenye kile kiti. Hakusema kitu. Alimwambia tu mdogo wangu aniletee maji ya kunywa, na hicho kiliniuma kuliko matusi ya wale vijana.

Nilipoinua silinda usiku ule, upande wa bomba la moshi pistoni ilikuwa imechubuka kutoka juu hadi chini, segma zimegandishwa kwenye mifereji yake, na aluminiamu imepakwa ukutani mwa silinda kama siagi. Hapo ndipo kemia iliponifaa kidogo. Ukuta wa ndani ni chuma cha kalibu, na soda kostiki haili chuma. Niliipaka kwa kijiti chenye pamba, nje, kwenye upepo, kwa glavu, nikijihadhari isiguse mapezi ya nje ambayo ni aluminiamu. Ile siagi ikachemka, ikatoka. Chini yake mikwaruzo ilikuwa mirefu mno hata hivyo. Silinda ikabidi ichongwe kwenda saizi ya kwanza, 52.25, na pistoni ya saizi hiyo ikaagizwa Kampala. Hesabu ya dola sitaiandika, mume wangu anasoma.

Basi: fungua kiskrubu cha hewa, acha mafuta yatoke mpaka hakuna povu, funga. Washa, iache ipumue polepole, vuta kebo ya pampu kwa mkono mpaka uone mafuta yakitembea kwenye mrija mwembamba unaotoka kwenye pampu. Na tangi la kwanza la esansi litie mafuta ya mipigo miwili, mililita 20 kwa lita, hata kama unaiamini pampu yako kama mama mzazi.

Namba 6. Kabla ya kutia klipsi za pini ya pistoni, zibeni mdomo wa chini wa injini kwa kitambaa, kwa sababu klipsi huruka, na huruka huko. Klipsi ya zamani hairudishwi. Ncha za segma zikae kwenye vijiti vyake ndani ya mfereji, mshale wa pistoni uelekee bomba la moshi. Haya nayasema haraka kwa sababu yote yako kwenye kitabu chake, na kitabu nimewaazima tangu Pasaka. Nakitaka.

Namba 7. Siku ya kuwasha msialike watu.

Sisi mara ya pili tulikuwa wawili tu, mimi na papa, saa kumi na mbili asubuhi. Alisogeza kiti chake mwenyewe hadi nyuma ya bomba. Kiki ya tano. Moshi wa buluu ulijaa uani, ukapanda ukuta, ukaenda kwa jirani, na papa akakohoa na kucheka mpaka akashika magoti, huku jirani akitoka mbio na khanga begani kuanua nguo zake.