Umewaogesha kuku, banda je?

Juzi dada mmoja wa Nachingwea kaniandikia: "Kaka, kuku wangu wanaacha mayai katikati ya kuatamia, na mimi nikitoka bandani nawashwa mikono. Nifanyeje, na hela sina?" Nilicheka peke yangu. Swali hilohilo niliwahi kuliuliza, na aliyenijibu alinitia hasara.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimejenga banda hapa Naliendele, Mtwara, vichanja vya mianzi, paa la makuti, najiona mfugaji kweli. Matetea 14. Mmoja mweusi wa madoa aliatamia mayai 11. Siku ya 13 nikamkuta kasimama kando ya kiota, kurudi hataki, upanga umempauka kama kapakwa unga wa muhogo. Nikampekua manyoya mchana kutwa, sikuona kitu cha maana. Nikaenda duka la pembejeo. Muuzaji hata hakuniuliza wana nini, akanipa dawa ya maji ya kupulizia mikorosho: kifuniko kimoja kwa ndoo, wachovye.

Nikawachovya wote, shingo nje, huku najisifu. Kufika adhuhuri, kuku sita wamelala ubavu, wanatetemeka, udenda unawatoka. Jioni wamekufa tisa. Mke wangu hakusema neno. Alichukua jembe akaenda kuchimba shimo nyuma ya mkorosho, na ule ukimya wake unaniuma kuliko hela.

Aliyeniokoa ni bibi jirani. "Mjukuu wangu, kuku ni wageni tu humo. Wenye nyumba umewaacha." Usiku akanipeleka bandani na tochi. Kwenye tundu la mwanzi, pale unapokatwa, utitiri, vile vidudu vidogo vinavyonyonya damu ya kuku, umejazana mwekundu kama pilipili iliyosagwa. Niliubonyeza, kidole kikatoka na damu ya kuku wangu. Ule wenye njaa ni wa kijivu, mchana ukiuona utadhani vumbi. Ndiyo maana sikuuona: unakunywa usiku, alfajiri unarudi kwenye nyufa.

Kwa hiyo, dada, anza na banda. Mianzi yote nje, choma pamoja na matandazo ya viota. Weka fito moja nene iliyomenywa gome, isiwe na pa kujificha. Nyufa zimwagie maji yanayochemka, kuku wakiwa nje, kisha paka chokaa. Mimi sikununua kitu zaidi ya hiyo chokaa.

Kuku wenyewe watengenezee pa kuoga: majivu ya kuni yaliyopoa, mchanga mkavu, na konzi ya salfa ya unga kwa beseni. Salfa huku nani hana? Ile ya njano ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, mabaki ya msimu. Ila iwe salfa tupu, na ujifunge kitambaa puani ukichanganya, inachoma macho. Ile dawa ya maji ya mikorosho usiisogeze bandani, hata akikuambia nani. Ukinunua dawa ya unga ya kuku, soma kibandiko, kinasema mayai usile kwa siku ngapi.

Halafu rudia baada ya wiki. Rudia tena. Kwa joto letu hili utitiri unatoka yai hadi mzima ndani ya wiki moja tu, na unaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kuliacha banda tupu siku chache hakusaidii. Hapa ndipo wengi mnaposhindwa. Mnataka dawa ya siku moja, mnataka kuku 200 kabla hamjaweza kuwalea 10, na tochi ya simu mnayo mkononi usiku kucha, bandani hamuimuliki hata mara moja! Samahani, nimepandisha sauti.

Yule mweusi wa madoa alipona. Ameatamia tena, na kila usiku napitisha kidole chini ya fito yake.

Dada, mianzi ile uliyonitumia picha ing'oe kesho asubuhi. Ukikosa salfa, tumia majivu na mchanga tu, utarudia mara nyingi zaidi.