Ruaha Mkuu haukaushwi na ukame peke yake

Hapana ndugu, kusema mto Ruaha Mkuu unakauka kiangazi sababu mvua zimepungua tu sio kweli, ule mto zamani ulikua unatiririka mwaka mzima, umeanza kukatika miaka ya 90. Angalia juu kule mto unakotokea, bonde la Usangu wilayani Mbarali, mifereji ya mpunga inachepusha maji hata kiangazi wakati mashamba mengi hayana kitu, na ng'ombe nao walijaa Ihefu, ile ardhioevu inayotunza maji na kuyaachia mtoni taratibu. Matokeo yake viboko wa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha wanabanana kwenye vidimbwi vya matope, na bwawa la kufua umeme la Mtera linapokea maji kidogo, umeme wetu huo jamani! Mifereji ifungwe mpunga ukishavunwa, inawezekana kabisa.